Mzee anahitaji mtu wa kukaa naye muda wote, tunaanzia wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara, kwa watu wa Tanga

Haya maswali nayapata msikitini, kwenye daladala, kwenye simu za ndugu walioko Dar na Arusha, na yanaongezeka sana baada ya Idi na Krismasi, pale watu wanaporudi nyumbani wakamkuta mama kakonda ghafla au baba anaacha jiko linawaka afu anaenda kulala. Nimeyajibu moja moja mpaka nikaona bora niyaweke pamoja. Nimekaa na wazee wawili wa ukoo wetu mpaka mwisho wao, kwa hiyo mengi hapa ni mambo niliyoyafanya kwa mikono yangu, mengine ni ya ofisini ambayo kila mtu anatakiwa ayajue.

Tanga kuna nyumba ya wazee ya kulipia, nikawa natuma hela kila mwezi wakamtunza mama?

Hili ndo swali la kwanza la kila mtu aliyeko mbali, na jibu lake linawavunja moyo wengi. Makazi ya wazee ya serikali mkoani kwetu yapo mawili, Mwanzange hapa mjini na Misufini kule Muheza. Yako chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, sawa na Njoro kule Kilimanjaro, Fungafunga Morogoro, Nunge Kigamboni, Kolandoto Shinyanga na mengine mikoani. Mzee halipi. Anapewa pa kulala, chakula, nguo, anapelekwa hospitali. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ya kutolipishwa huwezi kwenda pale na hela yako ukasema nipokeeni mama yangu, yamewekwa kwa mzee asiyejiweza ambaye hana mtu wa kumtunza.

Na mkoa wetu una sababu yake ya kuwa na wazee wa namna hiyo. Mashamba ya mkonge yalileta manamba kutoka Kigoma, Songea, Burundi, Msumbiji, vijana wakaja kwa mkataba, wengine hawakurudi kwao, wakazeeka hapa hapa bila mke, bila mtoto, bila hata mtu anayejua kijiji chao. Mzee wa hivyo ukimnyang'anya kitanda chake Mwanzange ili mama yako mwenye watoto watano alale, umemtupa barabarani.

Vipo pia vituo vya mashirika ya dini, masista na wengine, lakini navyo vingi vinafanya kazi ya sadaka. Huduma za kulipia, yani nesi wa kuja nyumbani au nyumba ndogo inayopokea wazee wachache, utazikuta zaidi Dar. Kwa hiyo kwa familia nyingi za Tanga mzee atatunzwa nyumbani, na maswali yanayobaki ni mawili, nani anakaa naye na nani analipia. Familia nyingi zinakwepa kuyajibu hayo mawili kwa sauti, matokeo yake yanajijibu yenyewe vibaya, mzigo wote unamdondokea binti mmoja ambaye hakuulizwa.

Sasa Mwanzange au Misufini anaingia nani, na njia yake ikoje?

Unaanzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji, yeye ndo anamjua mzee anaishije. Kutoka hapo unakwenda kwa afisa ustawi wa jamii, wa kata kama yupo au wa halmashauri. Afisa anafanya uchunguzi wake, anaenda nyumbani, anauliza majirani, anatafuta kama kuna ndugu, maana kazi yake ya kwanza ni kumrudisha mzee kwa watu wake kama wapo. Makazi ni hatua ya mwisho kabisa, ndivyo sera yenyewe ilivyo. Usimfiche ndugu ili mzee apokelewe, na usimtelekeze getini usiku, watu wanafanya hivyo na mzee anajua kafanyiwa nini.

Kama ni jirani yako, mzee wa watu yuko peke yake chumbani, hana mtu, hapo toa taarifa bila kuona aibu. Andika jina lake, umri unaokadiriwa, anapolala, anakula kwa nani, anaumwa nini, kwao wapi kama anakumbuka. Nusu ya kazi ya afisa unakuwa umeshaifanya.

Kumuweka mzazi kwenye makazi au kumuachia mtu wa kulipwa, sitapata laana?

Naulizwa kwa sauti ya chini sana hili. Kwa Waislamu kuna ile aya ya Suratul Israa inayosema wazazi wakifikia uzee wakiwa na wewe usiwaambie hata "ah", na Wakristo wana amri ya kuwaheshimu baba na mama. Mimi si shehe wala mchungaji, lakini nilivyoishi nao wazee nimeona kinachowaumiza ni kusahauliwa na kufokewa. Mama anayeogeshwa na dada wa kulipwa, mwenye shuka safi, na mwanae anapiga simu kila jioni anaongea naye mambo ya maana, huyo hajatupwa. Mama anayekaa na mwanae wa kumzaa huku analala kwenye mkojo mpaka saa nne asubuhi kwa vile mwanae yuko sokoni anatafuta riziki, huyo yuko nyumbani kweli lakini anateseka.

Nitajuaje kwamba sasa hawezi kukaa peke yake?

Acha kumuuliza "mama u mzima?" maana atakwambia alhamdulillah, sijambo. Angalia vitu. Dawa za presha za mwezi uliopita zimebaki ngapi kwenye karatasi yake. Mchele uliotuma umepungua au uko vile vile. Ana michubuko kwenye goti au kiwiko, na anasema kajigonga mlango. Ana harufu ambayo hakuwa nayo, yeye aliyekuwa anajifukiza udi kila Ijumaa. Anaamka mara ngapi usiku kwenda uani, na choo kiko mbali kiasi gani. Kuanguka mara moja kwa mzee ni jambo kubwa, nyonga ikivunjika mara nyingi ndo mwanzo wa kitanda moja kwa moja.

Si bora tu nimlete kwangu Dar?

Inawezekana, na kwa wengine ndo sawa. Ila fikiri siku yake itakuwaje. Ngamiani ana majirani wa miaka arobaini, wanapita barazani wanamsalimia, muuza kahawa anamjua, msikiti anausikia kutoka kitandani. Kwako Mbagala au Kimara mnaondoka wote alfajiri, anabaki amefungiwa na geti na televisheni. Nimeona wazee wanazorota ndani ya muda mfupi kwa upweke tu. Kama akili yake inaanza kupotea ndo mbaya zaidi, kwake alikuwa anajua choo kiko wapi hata gizani, kwako anapotea korido. Kabla hujamhamisha mlete akae wiki chache kama mgeni, muone, na yeye aone, afu muulizeni. Watu wanasahau kumuuliza mwenyewe.

Dada wa kumhudumia namtoa wapi na nimlipe shilingi ngapi?

Hapa nikae kidogo maana ndo panaharibika.

Desturi yetu ni kupiga simu Lushoto au Korogwe, "nitafutieni kabinti", analetwa mtoto wa miaka kumi na tano aliyeacha shule, anaambiwa utamwangalia bibi. Usifanye hivyo. Kumgeuza mtu mzima kitandani, kumsafisha choo, kumvumilia akikutukana kwa sababu kachanganyikiwa, ile ni kazi ya mtu mzima mwenye nguvu na moyo. Tafuta mwanamke wa miaka thelathini, arobaini na kuendelea, ambaye ameshawahi kuuguza. Waulize wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wako, waulize manesi waliostaafu, uliza msikitini na kanisani, uliza familia iliyofiwa na mzee karibuni, yule aliyemuuguza marehemu huwa anabaki hana kazi na kazi anaijua.

Mshahara: kuna kima cha chini kisheria hata kwa wafanyakazi wa nyumbani, watu wengi hawajui. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka 60,000 kwa mwezi kwa anayelala kwa mwajiri na 120,000 kwa asiyelala, kwa kaya za kawaida, na Januari 2026 imeanza amri mpya iliyopandisha viwango vya sekta binafsi, kwa hiyo pita ofisi ya kazi uulize cha sasa. Lakini hicho ni kima cha kazi za ndani, kufua na kupika. Anayemhudumia mzee asiyejiweza anastahili zaidi ya hapo, na ukimlipa kima cha chini ataondoka siku utakayomhitaji kuliko zote. Sheria ya ajira ya 2004 inampa pia mapumziko ya siku nzima kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, hivyo lazima uwe na mtu wa pili wa kushika ile siku. Kama huna mtu wa pili, hujakamilisha mpango.

Andikeni karatasi. Majina, kazi zake zipi na zipi si zake (kumwogesha bibi ndiyo, kufua nguo za wajukuu kumi na wawili wanaokuja likizo hapana), mshahara, tarehe ya kulipwa, siku ya kupumzika, akiumwa inakuwaje. Wote mnasaini, mjumbe anashuhudia. Na kwa wiki ya kwanza awepo mtu wa familia anayeshinda nao, anaangalia mikono ya huyo dada ikoje anapomshika mzee. Mikono inasema.

Gharama zenyewe zinafika ngapi?

Inategemea mzee na mtaa, ila nikupe mfano wa mahesabu tu ili uone yanavyokaa, namba nimeziweka mwenyewe, wewe weka zako. Dada wa kumhudumia 150,000. Chakula cha mzee na dada 120,000. Pampas za wakubwa 90,000. Dawa zinazokosekana hospitali 40,000. Sabuni, maji na umeme 30,000. Bajaji ya kwenda na kurudi kliniki 20,000. Jumla 450,000 kwa mwezi, na hapo hajalazwa.

Sasa tuseme watoto ni watano. Mmoja anakaa na mama, huyo hatoi hela, anatoa muda. Mwenye ajira anatoa 170,000, wawili wenye biashara 100,000 kila mmoja, wa bodaboda 40,000, na chumba kimoja cha nyumba ya mama kinapangishwa 40,000. Imetimia. Mgawanyo sawa kwa sawa unaonekana wa haki lakini unavunjika mwezi wa pili, kwa sababu wa bodaboda hana 90,000, anaona aibu, anaacha kupokea simu, na ukimya wake unageuka ugomvi. Kila mtu atoe kwa uwezo wake, kiwango kijulikane, kiwe kidogo kama ni kidogo ila kije tarehe ile ile.

Ongezeni na ya dharura, hata elfu kumi kumi, maana siku ya kulazwa Bombo, hospitali ya mkoa, hamtaki kuanza kuchangishana saa nane usiku.

Nani ashike hela?

Mtu mmoja anapokea, mtu mwingine anaangalia. Fungueni grupu la WhatsApp la kazi hii tu, msichanganye na lile la salamu na mapishi. Kila hela ikiingia kwenye M-Pesa au Airtel Money ya mweka hazina anapiga picha ujumbe anauweka, kila matumizi anapiga picha risiti au daftari. Inaonekana kama mnashtakiana lakini ni kinyume chake, yule anayeshika hela analindwa. Nimeshuhudia dada mtu akiitwa mwizi kwenye matanga ya mama yake mbele ya watu, na hakuiba hata senti, hakuwa na daftari tu.

Kuna ndugu hatoi hata mia, tufanyeje?

Kwanza muulize peke yake, si kwenye grupu. Wengine wana madeni hamyajui. Afu mpe kitu kingine cha kufanya: awe anampeleka mzee kliniki, alale naye Jumamosi dada akienda kwao, afuatilie kitambulisho chake, atengeneze bomba. Akikataa na hilo, basi pangeni bila yeye, msipoteze nguvu zenu kumsema. Kumpangia bajeti mtu asiyetoa ndo kunakoua mipango mingi, mwezi unafika mnasubiri 100,000 ambayo kila mtu anajua haiji.

Yule anayekaa na mzee nyumbani ni mwanae, kuna haja ya kumlipa?

Ipo, na naomba hili ulisome taratibu. Mara nyingi ni binti, au mkamwana, au mjukuu wa kike aliyemaliza shule hajapata kazi. Watu wanasema "si yupo tu nyumbani". Hayupo tu. Anaamka mara tatu usiku, hawezi kwenda mnadani, hawezi kuchukua kibarua, vikoba vyake vimekufa, mgongo unauma, na akitoka nusu saa anapigiwa simu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na walioko mbali ndo wanauona mwepesi kuliko wote, wanakuja siku mbili na zawadi za khanga mbili na kukosoa.

Mlipeni. Iteni posho, iteni shukrani, iteni mtakavyo, ila iwe kiasi kinachojulikana kila mwezi kwa jina lake, tofauti na hela ya matumizi ya mzee. Mpeni siku zake. Mlioko Dar mtu mmoja aje wiki nzima mara moja moja, afanye kazi zote yeye, yule anayekaa na mzee siku zote aende kwa mashoga zake Pangani akapumzike. Nina hakika ukifanya kazi ile wiki moja hutauliza tena kwa nini pampas zinaisha haraka.

Na mambo ya urithi yasitumike kama malipo. "Nyumba itakuwa yako mama akifa" ni ahadi isiyo na mguu, wakati wa mirathi ndugu wengine watakuwa na hesabu zao na yeye atabaki na miaka aliyoitoa bure.

Matibabu si bure kwa wazee? Mbona tunalipa?

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuwa mwenye miaka 60 na kuendelea, na matibabu bila malipo ni kwa mzee asiye na uwezo. Hapo ndo watu wanapokwama, wanakwenda dirishani na sura ya uzee peke yake. Anahitaji kutambuliwa: jina lake lipite serikali ya mtaa, baraza la wazee la mtaa linasaidia sana hapa, liende ustawi wa jamii, apate kitambulisho chake cha matibabu. Fuatilia hili mzee akiwa mzima, usisubiri aanguke. Akishakipata afuate ngazi, zahanati au kituo cha afya kwanza, wao wampe rufaa ya Bombo. Ukirukia juu bila barua unaweza kulipishwa. Dawa nyingine hazipo dirishani utanunua nje, hiyo iwekeni kwenye bajeti mapema kama nilivyofanya pale juu.

Kama kuna mtoto ameajiriwa na yuko NHIF, yani bima ya afya ya taifa, anaruhusiwa wategemezi mpaka watano, na wazazi wake au wakwe zake wanaweza kuwemo kwenye hao. Ndugu wengi wameweka watoto tu wakati nafasi moja ipo wazi. Mzee mstaafu aliyekuwa mwanachama wa NHIF anaendelea kutibiwa yeye na mwenza wake. Na ile Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge 2023 imeweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo, kwa hiyo hakikisheni mzee yuko kwenye orodha ya mtaa ya kaya zisizo na uwezo kama kweli hana.

TASAF je? Na pensheni?

TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, mtu hajiombei ofisini, kaya zinatambuliwa kwenye mkutano wa mtaa au kijiji wakati wa zoezi lenyewe, kwa hiyo siku ya mkutano awepo mtu wa kumtaja mzee. Malipo ni madogo, yanasaidia sabuni na unga.

Pensheni ya PSSSF au NSSF ikisimama ghafla, angalia kwanza kama mzee amehakikiwa, yani amejitokeza kuthibitisha kwamba bado yupo hai. Wengi inasimama kwa hilo tu. Na wenye mzee Unguja au Pemba, kule kuna pensheni jamii tangu 2016 kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, hata kama hakuwahi kuajiriwa, huku bara hatuna.

Tuuze nyumba ya baba tulipie matunzo?

Polepole sana. Kama mama yupo na ile ndo nyumba wanayoishi, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu baba aiuze bila ridhaa ya mama. Kama ni nyumba ya urithi, kama zilivyo nyingi za Ngamiani, wenye haki ni wengi na mkiuza bila mirathi kufunguliwa mnajitafutia kesi ya miaka. Na mzee akishajua nyumba yake imeuzwa kitu kinavunjika ndani yake.

Nyumba zetu za Kiswahili zimejengwa vizuri kwa jambo hili, korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Mzee achukue chumba kilicho karibu na choo, dada alale cha pili, viwili au vitatu vya mbele vipangishwe kwa watu wastaarabu, ikiwezekana mwalimu au nesi. Hela inaingia, na usiku kuna watu ndani.

Kuhusu kumsainia mzee vitu, fanyeni mapema. Hati ya uwakili anaitoa mtu mwenye akili timamu mbele ya wakili au hakimu. Akishapoteza akili hawezi tena, itabidi mwende mahakamani iteue msimamizi wa mali zake, safari ndefu hiyo.

Vifaa gani ni lazima?

Vichache. Kiti cha choo: fundi anakata tundu kwenye kiti cha plastiki kigumu au anachomelea fremu ya chuma, unaweka juu ya tundu la choo cha kuchuchumaa, mzee anakaa. Chuma cha kushikia ukutani, chooni na kitandani. Taa ya usiku. Toa mikeka na vipande vya zulia vinavyoteleza. Shuka la mpira. Kama amelala moja kwa moja tafuta godoro la hewa, lakini hata ukiwa nalo mgeuze kila baada ya saa mbili, kulia, mgongo, kushoto, kidonda cha kulalia kinaanza na wekundu mdogo kwenye kiuno au kisigino na kikishafunguka kinatafuna mpaka mfupa. Wakati wa kumlisha akae wima, akimaliza akae hivyo hivyo nusu saa, uji mzito unapita vizuri kuliko maji kwa aliyepata kiharusi.

Bibi anasema tunamuibia, usiku anataka kwenda kwao, wengine wanasema kachezewa.

Mpelekeni hospitali kwanza. Kama kachanganyikiwa ghafla, juzi alikuwa mzima, mara nyingi ni kitu kinachotibika: maambukizi ya mkojo, kukosa maji mwilini, sukari kushuka, dawa mpya. Kama imekuja taratibu kwa miaka basi ni ugonjwa wa kusahau, upo kwenye ubongo, jini hahusiki. Usibishane naye. Akisema pochi imeibiwa mwambie haya mama tuitafute wote, mtaikuta chini ya godoro alipoificha. Jioni ndo anahangaika zaidi, washa taa mapema, mpe kazi ya mikono, kuchambua mchele, kukunja khanga. Na funga mlango wa nje kwa komeo la juu.

Mzee hataki mtu baki amwogeshe.

Ana haki. Baba wa miaka themanini hataki binti yake amuone uchi, na mama hataki mkwe. Tafuteni wa jinsia yake, aanze kwa kumsaidia vitu vya nje, kumnyoa ndevu, kumkata kucha, wazoeane ndo waende bafuni. Mfunike khanga au shuka muda wote, osha sehemu moja moja. Mwite kwa jina analoitwa, shikamoo kwanza kila asubuhi, hata kama hajibu.

Nimepata kituo cha kulipia Dar, nichunguze nini?

Nenda bila kuwaambia, saa ya chakula au saa moja usiku. Nusa. Angalia wazee wamevaa nguo zao au za kugawana, na visigino vyao vikoje. Uliza usiku anakesha nani na wazee wangapi, uliza cheti cha usajili, uliza mzee akizidiwa anapelekwa wapi na nani analipa, na hela iliyolipwa inarudishwaje akifariki katikati ya mwezi. Ongea na ndugu wa mzee mwingine pale nje. Wakikwambia kutembelea ni Jumapili tu, ondoka.

Daktari kasema hakuna tena la kufanya. Tunabaki na nini?

Mnabaki na kumwondolea maumivu, na hiyo ni tiba kamili. Inaitwa tiba shufaa, na Hospitali Teule ya Muheza ina historia ndefu ya huduma hiyo, mpaka kumfuata mgonjwa nyumbani. Ulizeni na Bombo. Mzee wa saratani hatakiwi kulia usiku kucha akipewa panadol. Muulize anataka nani awepo, anataka kuzikwa wapi, ana deni au amana ya mtu. Watu wanaogopa kuuliza, lakini wazee wengi wanasubiri tu mtu aanze. Wetu mmoja alikuwa na deni la elfu kumi na mbili dukani, tukalilipa siku ile ile, tukamrudishia daftari la duka aone limekatwa kalamu.